Kinachovunja Usharika Mdogo

Mwaka 1920 serikali ya Waingereza iliwaondoa Tanganyika wamisionari wa Kijerumani waliokuwa wamebaki baada ya vita. Sharika zilizoanzishwa na Misioni ya Leipzig huko Kilimanjaro, Meru na Upare zikabaki bila wachungaji waliozilea na bila fedha za kutoka Ulaya. Waliozishika ni walimu wa vijijini, watu waliojua kusoma, kufundisha katekisimu, kuongoza ibada na kuzika. Wamisionari hao waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920 walikuta sharika hai. Vita vya pili vilipoanza mwaka 1939 jambo lile lile likajirudia: Wajerumani wakawekwa kizuizini, msaada ukakatika, na safari hii pia makanisa yakaendelea kujaa Jumapili.

Sasa tazama eneo hilo hilo miaka sabini baada ya 1920. Kati ya 1990 na 1993 Walutheri wa Meru waligawanyika juu ya swali la kuwa na dayosisi yao wenyewe, nje ya Dayosisi ya Kaskazini yenye makao yake Moshi. Kanisa wakati huo lilikuwa na maaskofu, hospitali, shule na marafiki wa nje. Halikuwa na njaa. Hata hivyo watu waliokuwa wakishiriki meza moja ya Bwana waliharibiana mali, wengine wakaumia, na jirani akawa hamsalimii jirani. Mwishowe Meru wakapata dayosisi yao, na kundi jingine likatoka kabisa na kuanzisha kanisa lake.

Nayaweka matukio haya mawili pamoja kwa sababu viongozi wengi wa sharika ndogo huogopa mambo kwa mpangilio uliopinduka. Fedha ndiyo inayowanyima usingizi. Ugomvi wanauahirisha hadi kikao kijacho, wakiamini kwamba mfuko ukijaa watu watatulia wenyewe. Historia yetu inaonyesha vingine. Usharika mdogo huweza kuishi na umaskini kwa muda mrefu sana, ila mfarakano usiosemwa huumaliza katika miaka michache. Na sadaka inaposhuka, mara nyingi kilichotangulia kushuka ni imani ya watu kwa wale wanaoihesabu.

Tuseme kwanza usharika mdogo ni nini. Kwa Walutheri unaweza kuwa mtaa ulio mbali na usharika mama, kwa Wakatoliki ni kigango, kwa Wapentekoste ni kanisa la mahali lenye bati jipya na sakafu ya udongo. Watu ni sabini, labda mia kwa Krismasi. Yupo mchungaji anayefika mara mbili kwa mwezi, na kazi ya kila siku anaifanya mwinjilisti. Wapo wazee wa kanisa wanane, kwaya mbili, akina mama ambao ndio nguzo ya kila kitu, na mfuko wa ujenzi ambao vijana wa kipaimara wameukuta umeshaanza. Wote wanajuana. Mzee wa kanisa ni shemeji wa mwenyekiti wa kwaya. Mtunza hazina alisoma darasa moja na mtu anayemtuhumu. Ndiyo maana ugomvi wa usharika mdogo ni nadra kuanzia kanisani. Unaanzia kwenye mpaka wa shamba, mirathi ya baba mmoja mwenye nyumba mbili, mkopo wa VICOBA ambao haukurudishwa, uchumba uliovunjika. Kisha unaingia kanisani umevaa nguo nyingine. Katika muhtasari wa kikao utasoma kwamba wajumbe walijadili kwa kirefu suala la kinanda na vipaza sauti. Anayeijua mitaa ile anafahamu kwamba kinanda hakikuwa na neno. Waliokuwa wakigombana ni wana wa ndugu wawili, na wanagombania migomba.

Kiongozi mgeni asiyejua hilo atatumia mwaka mzima kusuluhisha habari za kinanda. Ndiyo sababu, kwa maoni yangu, kazi ya kwanza ya mchungaji anayepelekwa mahali penye mvutano ni kutembea. Aende nyumba kwa nyumba, akae jikoni, aulize habari za mavuno na za wagonjwa, asikilize majina yanayotajwa na yale yasiyotajwa kabisa. Miezi mitatu ya namna hii ina faida kuliko semina ya upatanisho ya siku mbili yenye chakula cha mchana. Wazee wa zamani walifanya hivyo bila kufundishwa chuoni, na wainjilisti wengi wanafanya hivyo hata leo, kwa miguu, bila posho.

Baada ya hapo ndipo afungue daftari la sadaka, na alisome polepole, kwa kuwa sadaka hushuka kwa njia zaidi ya moja. Kuna kushuka kwa sababu watu hawana. Mwezi Julai 1989 mfumo wa kimataifa wa mgawo wa kahawa ulivunjika, na bei ya dunia ikaanguka karibu nusu katika muda wa miezi. Huko Kilimanjaro na Meru, ambako kahawa ilisomesha watoto, ilijenga makanisa ya mawe na kununua kengele, hakuna mahubiri ambayo yangerudisha bahasha za zamani. Bei ilianguka tena vibaya mwanzoni mwa miaka ya 2000, na wakulima wengi wakang'oa mibuni wakapanda mahindi, nyanya na ndizi. Tena vijana wakahamia Arusha na Dar es Salaam, na wazee waliokuwa na desturi ya kuahidi na kutimiza wakazikwa mmoja baada ya mwingine. Kushuka kwa namna hii si kosa la mchungaji, wala hakuna mtu wa kulaumiwa. Kinachotakiwa ni usharika kupunguza matumizi yake na kuacha kuishi kwa bajeti ya miaka ya kahawa.

Kuna kushuka kwa pili, ambako watu wanacho lakini hawatoi. Dalili zake ni tofauti na zinaonekana wazi kwa mtunza hazina makini. Umaskini ukiingia, bahasha zote hupungua pamoja, na mnada baada ya ibada unaendelea kuchangamka, kwa sababu asiye na shilingi analeta mkungu wa ndizi, mayai, au kuku aliyefungwa miguu. Mfarakano ukiingia, bahasha za upande mmoja hutoweka kabisa wakati za upande mwingine zinabaki zilivyokuwa. Watu wanakuja, wanaimba, wanapita mbele na sarafu wakati wa sadaka ya kawaida, lakini fomu za ahadi hazirudi. Angalia mnadani nani ananunua kuku wa nani. Upande mmoja unaposimama kimya huku mali ya upande wa pili ikitangazwa, mchungaji hana haja ya kuuliza zaidi.

Tena ukichunguza utaona ukarimu wenyewe haujafa. Watu hao hao wanachangia msiba wa jirani kwa moyo wote. Wanamlipia mgonjwa nauli ya kwenda hospitali ya KCMC. Wanatoa kwenye mfuko wa jumuiya yao ya nyumbani, ambako mwekahazina wanamjua na wanamwamini. Fedha zimehama kutoka kwenye sanduku la usharika na kwenda pale watu wanapoona kwa macho yao zinafanya nini. Kiongozi anayesimama madhabahuni kuwaambia watu hao kwamba wamepoa kiroho anawatukana, nao wanajua wametukanwa.

Kwa nini waseme kwa bahasha badala ya kusema kwa mdomo? Kwa sababu katika makanisa yetu mengi hawana mahali pengine pa kusemea. Anayempinga mchungaji huhesabiwa kuwa amempinga mtumishi wa Mungu. Anayeuliza mapato kwenye mkutano mkuu wa usharika hutazamwa kama mtu mwenye ajenda. Mama mjane hawezi kumuuliza mzee wa kanisa, ambaye ndiye atakayesimamia mazishi yake, fedha za bati zilikwenda wapi. Basi anakaa kimya na anapunguza. Kushuka kwa sadaka ndiyo sauti ya mwisho ya upole kabla mtu hajaanza kusali kwingine. Hii si njia njema ya kusema, na inaichafua sadaka yenyewe, ambayo ni ya Mungu kabla ya kuwa kura. Lakini aliyefunga njia nyingine zote hana haki ya kushangaa watu wanapoitumia iliyobaki.

Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 6, kina habari ambayo tunaisoma haraka mno. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa na manung'uniko: wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku, na wenzao wa Kiebrania walipata. Ulikuwa ugomvi wa lugha, wa asili na wa chakula, mambo yale yale yanayotugawa sisi. Mitume hawakuhubiri juu ya umoja. Waliitisha mkutano wa wanafunzi wote, wakakubali kwamba tatizo lipo, wakaliambia kusanyiko lichague watu saba wenye sifa njema. Kisha soma orodha: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani, na Nikolao wa Antiokia alikuwa mwongofu, hakuzaliwa Myahudi. Wasomaji wengi wa Biblia wameona maana yake: mgawo uliwekwa mikononi mwa watu wa upande uliokuwa ukilalamika.

Nasi hufanya nini? Panapotokea manung'uniko juu ya fedha tunaunda kamati ya uchunguzi yenye watu wanaoaminika, na maana ya kuaminika ni kuwa upande wetu. Ripoti inatoka, inasema hakuna ubadhirifu, inaweza hata kuwa ya kweli, na hakuna anayeiamini. Ninaamini kwa dhati kwamba usharika uliogawanyika unaweza kuponywa kwa uamuzi mmoja mgumu: mtu wa upande unaolalamika awe mmoja wa wanaohesabu sadaka Jumapili hii, na mwingine awe miongoni mwa wenye saini benki. Mchungaji atakayefanya hivyo atapingwa na marafiki zake, na hiyo ndiyo gharama yake. Mtume Paulo naye, alipochangisha makanisa ya Makedonia na Akaya kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakubeba mzigo ule peke yake. Katika barua yake ya pili kwa Wakorintho, sura ya 8, anaeleza kwamba alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine wawili, mmoja wao akiwa amechaguliwa na makanisa yenyewe, ili asiwepo mtu wa kumlaumu juu ya karama ile. Paulo hakujiona mkubwa mno kuwekewa mashahidi. Wachungaji wa leo wasijione hivyo.

Siku hizi kuna jambo dogo ambalo limevunja imani katika sharika nyingi kuliko mafundisho ya uongo, nalo ni namba ya simu. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007, na mitandao ya Tanzania kufuata, watu wamezoea kutuma sadaka kwa simu. Makanisa ya Kenya yalipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya korona, hiyo ikawa njia kuu. Inafaa sana. Mtoto wa usharika aliye Muscat au Minneapolis anaweza kutoa ahadi yake kama aliye kijijini. Lakini namba inapokuwa ya mtunza hazina binafsi, sadaka inachanganyika na fedha zake za duka na za karo, na hata awe mwaminifu kama Stefano hataweza kuthibitisha. Namba ya kupokelea iwe kwa jina la usharika, na taarifa yake ya mwezi ibandikwe mlangoni. Jambo hili halihitaji sinodi.

Nimesema mchungaji aanze kwa kutembea na kusoma daftari. Sharti niseme pia yale yanayofanywa badala yake, maana yanaumiza watu. La kawaida ni kuhubiri Malaki sura ya 3 Jumapili nne mfululizo. Wenye woga hutoa zaidi kwa mwezi mmoja, wenye uchungu huongeza uchungu, na mwezi wa pili hali inarudi palepale. Lingine ni kusoma majina ya watoaji na kiasi walichotoa wakati wa matangazo, jambo linalomfanya mama mwenye shilingi 500 akae nyuma ya nguzo. Haya yanajulikana, siyarefushi.

Linaloniuma zaidi ni la mazishi. Kuna mahali ambapo mtu akifariki, kabla kengele haijapigwa, kwanza linafunguliwa daftari la michango. Kama marehemu alikuwa na deni la ujenzi, wafiwa wanaambiwa walipe ndipo mchungaji aje, au wanapewa mwinjilisti tu, bila kwaya, bila mwili kuingizwa kanisani. Wanaotetea desturi hii wanasema bila hiyo hakuna atakayechangia. Huenda ni kweli kwamba inaingiza fedha. Lakini tazama inachofanya: inageuza huduma ya mwisho ya kanisa kuwa rehani, na inamtoza aliyekufa ili kuwatisha walio hai. Familia iliyofanyiwa hivyo hailipi deni tu, inaweka kumbukumbu. Watoto wake hawarudi. Miaka kumi baadaye mchungaji mwingine anashangaa kwa nini ukoo ule mzima unasali kwa nabii wa mjini, na hakuna wa kumwambia. Mzee wa kanisa anayesoma makala haya na ambaye usharika wake una sheria hiyo, namwomba aipeleke kwenye kikao na kuomba ifutwe, hata kama atabaki peke yake.

Halafu kuna mwanasiasa. Usharika mdogo wenye ugomvi na mfuko mtupu ni rahisi kununuliwa. Anakuja Jumapili moja na msafara wa magari, anapewa kiti cha mbele na dakika za kusalimu, anaacha bahasha nene ya kumalizia paa. Upande uliomwalika unainuka, upande mwingine unajua sasa kwamba umeshindwa kwa fedha za nje. Paa linakamilika na waumini wanapungua. Kenya wamelijadili jambo hili waziwazi kuliko sisi. Mwezi Septemba 2021, Askofu Mkuu wa Kianglikana, Jackson ole Sapit, alipiga marufuku wanasiasa kuhutubia makanisani. Alilisema hilo huko Butere, siku ya kuwekwa wakfu Rose Okeno, mwanamke wa kwanza kuwa askofu kamili wa dayosisi katika kanisa hilo. Novemba 2024, Askofu Mkuu wa Kikatoliki wa Nairobi, Philip Anyolo, aliagiza mamilioni ya shilingi yaliyotolewa na Rais William Ruto kwa parokia ya Soweto yarudishwe. Fikiria uzito wa uamuzi huo kwa watu wa Soweto, ambao si matajiri na ambao nyumba ya padri wao ilikuwa bado haijajengwa. Hata hivyo ninaona askofu alitenda haki. Parokia inayojengewa na mkono mmoja mkubwa haiwezi tena kukaa pamoja kama ndugu na kuamua.

Wazo hili lina mizizi mirefu kwetu. Mwaka 1971 John Gatu, kiongozi wa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki, alisimama mbele ya Wakristo wa Marekani, watu waliokuwa wafadhili, akasema wakati umefika wamisionari na fedha za nje visitishwe kwa muda ili makanisa ya Afrika yajijue. Mkutano wa makanisa ya Afrika yote uliofanyika Lusaka mwaka 1974 ukauchukua wito huo. Kanisa lake likashika kaulimbiu ya Jitegemea, katika miaka ambayo Tanzania nayo, baada ya Azimio la Arusha la 1967, ilikuwa ikizungumza lugha ya kujitegemea. Gatu alilaumiwa kwa ukali, wengine wakamwona hana shukrani. Alikuwa sahihi, ingawa baadaye wazo lake lilitumiwa vibaya. Kujitegemea kuligeuzwa kuwa michango isiyokwisha: ya dayosisi, ya jimbo, ya gari la askofu, ya chuo, ya kituo, kila mmoja ukiwa na risiti yake na tarehe yake ya mwisho, yote ikimshukia mtu yule yule mwenye ekari moja na nusu. Kujitegemea bila haki ya kuamua fedha ziende wapi ni kutozwa.

Na hapa nafika kwenye jambo ambalo viongozi wa juu hawalipendi. Sharika nyingi ni ndogo na maskini kwa sababu zilizaliwa kwenye ugomvi. Pande mbili zilishindwa kuelewana, na badala ya kuketi hadi yaishe, mtaa mmoja ukapandishwa kuwa usharika kamili. Ilionekana ni ushindi, kulikuwa na sherehe, askofu alikuja. Kesho yake pande zote mbili zikaanza kudaiwa: nyumba ya mchungaji mbili, ofisi mbili, mishahara miwili, mafungu mawili ya kupeleka dayosisini, kutoka kwa watu wale wale ambao jana walikuwa wakiendesha kanisa moja kwa shida. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) liliundwa mwaka 1963 kwa kuunganisha makanisa saba. Leo lina dayosisi zaidi ya ishirini. Sehemu kubwa ya ukuaji huo ni baraka na kazi ya injili, na umbali wa nchi hii ulilazimu. Sehemu nyingine ni ugomvi uliotatuliwa kwa kuchora mpaka. Hata Dayosisi ya Konde, ambayo mgogoro wake juu ya makao makuu kuwa Tukuyu au jijini Mbeya ulifikia kilele mwaka 2022, imeonyesha jinsi swali la ofisi iwe wapi linavyoweza kuwagawa watu wanaoamini mambo yale yale yote. Walioumia zaidi ni waumini wa kawaida waliotakiwa kuchagua upande ili wapate Chakula cha Bwana.

Kwa hiyo kuna sharika zinazopaswa kuungana tena. Kuna mitaa ambayo ingefanya vizuri kubaki mitaa, na mwinjilisti mzuri anayelipwa kwa wakati, kuliko kuwa sharika zenye mchungaji anayedai mishahara ya miezi saba. Najua aibu iliyopo katika kushushwa hadhi. Lakini mchungaji mwenye deni kila duka la kijijini, ambaye mke wake anauza maandazi ili watoto wale, hawezi kumkemea mwenye duka wala kumsuluhisha na jirani yake. Njaa yake inamfunga mdomo. Wazee wanaojivunia kuwa na mchungaji wao huku wakimwacha aishi hivyo wanamkosea yeye na wanaikosea huduma.

Onyo moja kuhusu upatanisho, maana neno hili hutumiwa kufunika maovu. Ugomvi wa kwaya mbili unapatanishwa. Mpaka wa shamba unapatanishwa kwa wazee na vigingi. Lakini mtunza hazina aliyeiba, kiongozi aliyemnajisi binti wa kipaimara, mzee aliyeuza kiwanja cha kanisa kwa hati ya kughushi, hawa si pande za mgogoro. Kuna aliyetenda na kuna aliyetendewa. Kuwaita wote wawili mbele, kuwashikisha mikono na kupiga picha ni kumtenda aliyetendewa mara ya pili, na safari hii kwa jina la Yesu. Mambo hayo yana polisi na mahakama. Mchungaji anayeyapeleka huko atasingiziwa kwamba analiaibisha kanisa. Ayapeleke. Kisha akae na aliyeumizwa muda mrefu, baada ya wengine wote kusahau.

Baada ya kufanya yote haya huenda sadaka isipande. Kahawa haitarudi ilipokuwa, vijana wako mjini, na baadhi ya waliotoka wamepata mahali wanapopapenda. Usharika wa watu sitini unaweza kubaki wa watu sitini kwa miaka ishirini. Sioni aibu yoyote hapo. Kanisa la Korintho lilikutana katika nyumba za watu, lilikuwa na makundi ya Paulo, ya Apolo na ya Kefa, lilipelekana mahakamani, na bado Paulo aliliandikia kama kanisa kamili la Mungu. Hatuna sababu ya kuwapima watu wa Kristo kwa kiwango cha fungu wanalopeleka dayosisini, na ningependa wakuu wa majimbo waache kuwapima wachungaji wao hivyo. Mchungaji aliyekuta watu hawasalimiani na akaondoka wakizikana, hata kama paa bado ni la nusu, amefanya kazi aliyotumwa. Uhamisho wa haraka, ambao ni dawa ya kawaida ya ofisi zetu, humwondoa mtu na kuuacha ugomvi ukimsubiri anayefuata. Kama dayosisi inaona mchungaji anafanya kazi hii ngumu kwa uaminifu, imwache akae.

Kabla ya Sikukuu ya Mavuno ijayo, na kabla haujatangazwa mchango wowote mpya, nawaomba wazee wa kanisa watenge Jumapili moja, wasome mapato na matumizi yote ya mwaka uliopita, pamoja na madeni na mshahara ambao mchungaji hajalipwa, na wayasome kwa sauti ya mtu ambaye wanaolalamika wanamwamini. Wajibu kila swali, hata la mtu wanayemchukia. Wasiojua jibu waseme hawajui na wataje siku watakayolileta. Nawe uliyeacha kutoa kwa sababu ya uchungu, nenda siku hiyo, kaa mahali unapoonekana, na uulize.